Kiuno cha Nani?

Kwa maneno ya Avelina, mambo yalikwenda hivi.

Alhamisi, saa nne ya asubuhi, alikuwa ametoka posta kutia barua ya mumewe. Akapita barabara ya Akasia polepole, anatazama madirisha ya maduka ya Wazungu kama watu wote wanavyotazama. Alipofika mbele ya duka la Madamu Eleni, lile lenye kioo kirefu kama ukuta, akamwona nani mlangoni? Marijani. Na mbele ya Marijani kasimama nani? Mwanamke. Si Mzungu, si Mhindi. Mweusi kama sisi.

"Mume wako kapiga magoti, shoga," Avelina alimwambia Mwanabaraka, na hapo alipiga magoti mwenyewe sakafuni apate kuonyesha vizuri. "Pini mdomoni, uzi mkononi. Anamzungushia kiunoni hivi. Anamgeuza hivi. Halafu wanacheka. Na gauni lenyewe, mama we! Buluu ya mbingu, limebana hapa, limeachia hapa, na ndani bitana ya waridi, laini kama manyoya ya kifaranga. Bikira Maria ananiona, siongezi wala sipunguzi."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Uso sikuuona. Alinipa mgongo. Lakini kiuno! Kiuno kimekatika kama cha nyigu."

Hayo ndiyo maneno yaliyomnyima Mwanabaraka usingizi wa Ijumaa. Na tulipoachana Jumamosi iliyopita alikuwa kasimama chumbani mwake, Temeke, kumekucha, Marijani kesha kwenda kazini, na koti lake la kazi kaliacha msumarini. Mkono wa Mwanabaraka ulikuwa ndani ya mfuko wa koti. Vidole vimegusa kitu.

Wengi mmeleta barua. Bibi mmoja wa Magomeni anasema ni pete. Bwana wa Ilala anaapa ni picha.

Si pete. Si picha. Ulikuwa uzi.

Uzi mweupe wa pamba, urefu wake kama toka begani hadi ugokoni. Una mafundo matatu. Na kwenye ncha umefungwa kipande cha uzi mwekundu.

Mwanabaraka aliketi kitandani kama mtu aliyesukumwa.

Msiojua kazi ya Marijani, sikilizeni. Marijani ni fundi cherehani chumba cha nyuma cha duka la Madamu Eleni. Hakusoma. Madamu ana daftari lake la vipimo, Marijani ana nyuzi zake. Mteja mmoja, uzi mmoja. Toka kwenye ncha, fundo la kwanza ni kiuno, la pili kifua, la tatu nyonga, na mwisho wa uzi ndio urefu wa gauni. Nyuzi za wateja hulala dukani, kila mmoja na alama yake: huu ushanga, huu kifungo, huu kipande cha melimeli. Nyumbani hukaa uzi mmoja tu. Marijani alimpima Mwanabaraka wiki ile ya harusi, miaka mitano sasa, akautundika juu ya kitanda, akaufunga uzi mwekundu nchani.

"Mwekundu ni wa nyumbani," alimwambia siku ile. "Hutauona wa pili."

Leo kauona wa pili.

Mwanabaraka alishusha uzi wake, akazilaza zote mbili juu ya shuka, ncha kwa ncha. Kifua sawasawa. Nyonga za yule mwingine zimezidi vidole viwili. Kiuno kimepungua vidole vinne.

Alipima tena. Vidole vinne vilevile.

Akajitazama kiuno chake mwenyewe. Miaka yote hakuwa na ugomvi nacho. Asubuhi ile alikichukia.

"Umekwisha kuona sasa?"

Avelina alikuwa mlangoni, kaingia bila hodi. Huyu, kwa wale wanaoanza leo, ni mke wa Projestus, karani wa reli, watu wa Bukoba, wapangaji wa chumba cha pili. Projestus kahamishiwa Tabora miezi miwili iliyopita, na Avelina kabaki kungoja mumewe apate nyumba. Neno hilo la "shoga" alilipata hapahapa Temeke, akalipenda, akalitia katika kila sentensi. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, na shavuni mwake hakukosi punje ya kahawa. Kwao kahawa hawanywi tu, hutafuna. Ukiingia kwake, kabla hujaketi umekwisha kutiwa punje mbili mkononi.

"Nilikwambia au sikukwambia?" alisema.

"Uliniambia."

"Pole, shoga. Wenzio tunakuonea wivu hapa, mume fundi, mume kila siku nyumbani. Mie wangu kaniandikia barua moja tu tangu aende. Na barua yenyewe anauliza mwavuli wake uko wapi."

Mwanabaraka hakucheka. Aliuzungusha ule uzi kidoleni, akaukunjua, akauzungusha tena.

"Mjomba wangu anakuja leo," alisema.

"Si ndiyo vizuri?"

Vizuri au vibaya, hilo ndilo lililokuwa mbele yake. Mjomba Kondo kaja mjini toka Kimbiji kuuza nazi, kafikia kwa rafiki yake Gerezani. Jana jioni Mwanabaraka alimpelekea habari, na mjomba akajibu kwa kifupi: baada ya adhuhuri atapita Temeke na mkokoteni. Mwanabaraka akiwa anarudi kwao, sanduku liwe limefungwa kamba. Akiwa anabaki kwa mumewe, mjomba asiletewe tena habari za Marijani, si leo wala mwakani. "Mie sitaki kesi," alisema, "nataka jibu."

Sanduku la bati lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba tangu alfajiri. Lakini Mwanabaraka si mtu wa kuvunja nyumba kwa maneno ya mlango wa pili. Alitaka kuona.

"Nitakwenda mjini," alisema. "Nitamtafuta mwenye kiuno hiki."

Avelina alitafuna kahawa yake.

"Nenda, shoga. Nenda leo hii hii. Ukivuka sanamu la Askari, dirisha la tatu mkono wa kulia. Nyumba niachie mie. Mjomba akija nitamkalisha, nitampa maji, nitamwambia akusubiri. Ufunguo tia hapa."

Akanyoosha mkono. Mwanabaraka akatia ufunguo.

Alikwenda kwa miguu. Basi lilimpita Chang'ombe, likamtimulia vumbi, hakulinyooshea mkono. Alitaka njia iwe ndefu apate kufikiri, na njia ikawa ndefu kweli, akafikiri mambo yasiyomfaa. Kariakoo hakusimama. Mnazi Mmoja hakusimama. Uzi aliushika kiganjani ndani ya buibui, na kila alipokutana na mwanamke macho yake yaliteremka kiunoni kabla hayajafika usoni.

Huyu? Hapana, mnene.

Huyu? Hapana, hana nyonga.

Uhindini vitambaa vilitundikwa nje toka juu hadi chini: hariri, melimeli, kanga mpya ambazo bado zinanuka duka. Siku nyingine angetumia saa nzima pale, anashika hiki, anaacha kile, muuzaji anamwita dada. Leo kila kitambaa alichokitazama alikiona kimekwisha kushonwa, kimevaliwa na mwanamke asiye na uso, na Marijani yuko chini anapinda pindo.

Akavuka. Mara barabara ikawa safi, miti miwili miwili, kivuli, magari yamelala kando kama paka walioshiba. Barabara ya Akasia. Nguzo zote zimefungwa bendera, maana Malkia wao alikuwa karibu kutawazwa Ulaya, na Wazungu wa hapa wamejiandalia dansi kubwa la usiku huo. Ndiyo maana mafundi wa mji mzima walikuwa hawana Jumapili.

Dirisha la kwanza, kofia. Kofia moja ina ndege mzima juu yake. Mwanabaraka aliitazama, akajiuliza kama mwenye kuivaa hulisha kofia yake asubuhi.

Dirisha la pili, viatu na glavu. Glavu nyeupe zimepangwa kama mikono inayoomba.

Hapo ndipo alipomwona.

Mwanamke mweusi, kijana, gauni la maua, mkoba mweupe, kisigino kirefu. Alikuwa akitazama glavu. Kiuno kimekatika. Nyonga zimejaa. Mwanabaraka akasogea nyuma yake hatua moja, akatoa uzi, akaunyoosha hewani kwa mikono miwili, akafumba jicho moja.

"Wewe mama! Unapima nini hapo?"

Askari wa zamu, kofia nyekundu, rungu kwapani.

"Napima... napima upana wa dirisha, afande."

"Dirisha la baba yako?"

"Nyumba yetu inajengwa."

"Nyumba yenu itatiwa kioo hiki?"

"Mume wangu anapenda mwanga."

Askari alimtazama, akashindwa acheke au akasirike. Yule mwanamke aligeuka, akamwona Mwanabaraka na uzi wake, akavuta mkoba kifuani, akaondoka upesi. Na alipogeuka ubavu, Mwanabaraka aliona tumbo. Miezi sita, kama si saba. Si yeye.

"Nenda mbele, mama," alisema askari. "Vioo vya hapa haviuzwi kwa uzi."

Dirisha la tatu.

Lilikuwamo. Gauni la buluu ya mbingu, limevalishwa sanamu la mbao lisilo na kichwa. Limebana pale alipoonyesha Avelina, limeachia pale alipoonyesha Avelina. Mwanabaraka alisimama mbele ya kioo, akasahau askari, akasahau jua. Mkono wa Marijani aliujua. Ule mshono mdogo mdogo wa ukosi, kama chungu wanaofuatana, nani mwingine Dar es Salaam anaushona? Miaka mitano hakumshonea yeye ukosi kama ule. Kule nyumbani hushona viraka vya mto.

Akaona wivu na mti. Naam, na kipande cha mti kisicho na kichwa.

Alizunguka uchochoroni, mlango wa nyuma, wanakopita watu wa kazi. Ndani joto la pasi lilimpiga usoni. Mzee Mwinshehe, mpiga pasi, alikuwa peke yake, anapuliza makaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ee, mke wa Marijani! Karibu. Mumeo hayupo, kapeleka nguo Oyster Bay kwa baiskeli."

"Sikumfuata yeye. Nimekuja kukuuliza jambo, na naomba usinifiche, wewe ni kama baba yangu. Alhamisi asubuhi, saa nne, mume wangu alikuwa hapo mlangoni anampima mwanamke gani?"

Mzee Mwinshehe aliweka pasi juu ya kigae.

"Mlango gani?"

"Wa mbele."

"Mwanangu, mlango wa mbele mie nina miaka kumi na moja hapa, sijapita hata kufagia. Na kupima? Wateja wa hapa anawapima Madamu mwenyewe, nyuma ya pazia. Sie tunaletewa vipimo tu, mumeo anavifunga mafundo yake. Akimgusa mteja kiunoni hana kazi siku hiyo hiyo."

"Aliyepimwa ni mweusi. Kavaa lile gauni la buluu."

"La buluu?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Lile la mke wa bwana mkubwa, la dansi! Tangu Jumatano liko dirishani, na ufunguo wa dirisha anao Madamu shingoni. Na hiyo Alhamisi mumeo hakuingia hapa kabisa. Kutwa alikuwa Oyster Bay anatundika mapazia. Nani kakuzulia hayo?"

Jamani, afueni! Mwanabaraka aliegemea ukuta. Avelina kasema uongo. Hakuna mwanamke mlangoni, hakuna aliyepigiwa magoti. Aliwaza sanduku lake la bati, jinsi atakavyoifungua ile kamba, jinsi atakavyomwambia mjomba Kondo nenda salama. Alikwisha kugeuka kuaga.

Halafu akasimama.

"Mzee, gauni lile ndani lina bitana?"

"Lina. Hariri hasa."

"Rangi gani?"

"Waridi."

"Mtu akisimama barabarani anaiona?"

"Ataionaje? Imeshonewa ndani, pindo limefungwa. Ukitaka kuiona sharti ulivue sanamu lile, au ulivae mwenyewe." Akafikiri. "Bitana tunaijua watu watatu. Madamu, mumeo, na mie."

Watu watatu, na Avelina wa nne.

Mwanabaraka alihisi baridi mbele ya makaa ya mzee.

"Gauni hili," aliuliza polepole, "limepata kutoka humu?"

"Usiku mmoja tu. Jumanne. Kazi ilikuwa nyingi, mumeo akaomba akapinde pindo nyumbani, Madamu akamruhusu. Jumatano asubuhi kalirudisha, nikalipiga pasi mie. Kwani wewe hukuliona? Si mlikuwa pamoja?"

Jumanne. Mama yake alikuwa na homa. Jumatatu hadi Jumatano Mwanabaraka alikuwa Kimbiji, anamkanda mama yake miguu.

Gauni lililala Temeke, chumbani mwake, yeye hayupo.

"Tena umenikumbusha," alisema mzee Mwinshehe, akafungua kibweta cha vifungo. "Lina mfuko mdogo hapa ubavuni, wa leso. Nilipokuwa napiga pasi nikasikia vitu vigumu. Nilimwambia Marijani, ungeunguza nguo ya watu kwa vitafunio vyako. Akanyamaza tu. Shika, umpelekee."

Akamtilia kiganjani punje mbili za kahawa. Kahawa ya kutafuna.

Mwanabaraka hakuaga vizuri, na mzee amsamehe.

Safari hii hakutazama dirisha hata moja. Kofia yenye ndege, glavu, hariri za Uhindini, vyote vilipita kama mabati ya uzio. Alikuwa na uzi mkono wa kulia, kahawa mkono wa kushoto, na maneno ya Avelina kichwani yanarudi moja moja. Avelina aliuona uzi kitandani, hakuuliza ni wa nini. Avelina alisema gauni limebana hapa, limeachia hapa, na mikono yake ilipita juu ya mwili wake mwenyewe. Mtu akieleza nguo ya mwenzake huonyesha hewani. Yeye alijishika.

Alipofika Gerezani alisikia jina lake.

"Mwanabaraka! We mtoto!"

Mjomba Kondo, kanzu kaikunja kiunoni, anasukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni vikapu vitupu vya nazi. Na juu ya vikapu, sanduku la bati limefungwa kamba.

"Shikamoo, mjomba. Sanduku langu hilo?"

"Marahaba. La nani jingine? Mbona unatoka upande huo? Nimeambiwa umetangulia kivukoni."

"Umeambiwa na nani?"

"Na yule mwenzio wa Bukoba. Nimemkuta mlangoni kwako na ufunguo. Kanipa maji, kanipa na kahawa, kaniambia umekwisha kukata shauri, umeona haya kuaga majirani, umetangulia. Kanisaidia hata kulipandisha sanduku. Mwanamke mwema sana."

"Sana," alisema Mwanabaraka.

Mjomba alimtazama usoni. Akaacha mkokoteni.

"Kuna nini?"

"Mjomba, nakuomba jambo moja. Kaa hapa kivulini. Sanduku usilipeleke kivukoni na usilirudishe Temeke. Nipe mpaka alasiri."

"Nilisema nataka jibu."

"Nalifuata hilo jibu."

Mjomba Kondo alikuna ndevu, akatazama jua, akatazama sanduku. Akaketi juu ya mpini.

"Mpaka alasiri," alisema. "Ikipita, navuka na sanduku, uwepo usiwepo."

Mwanabaraka alifika Temeke kanga ya ndani imemlowa jasho. Mlango wake ulikuwa wazi. Sakafu imefagiwa. Maji yamenyunyizwa. Shuka la kitanda limebadilishwa, na Avelina ameketi juu yake, nywele kachana upya, kapaka mafuta, anatafuna.

Aliruka alipomwona. Lakini ulimi wake haukuchelewa.

"Shoga! Umerudi? Mjomba wako huyo, mama we, hakunisikiliza! Nimemwambia subiri, kabeba sanduku kaondoka. Wazee wa kwenu wana haraka! Ukimbie, utamkuta kivukoni. Haya, kahawa kwanza."

Akanyoosha kiganja chenye punje mbili.

Mwanabaraka alizitazama. Halafu akafungua kiganja chake cha kushoto, akaziweka punje zake mbili juu ya shuka, pembeni ya goti la Avelina.

"Asante," alisema. "Ninazo."

"Umezipata wapi?"

"Ndani ya gauni."

Hakupiga kelele. Wanawake wa uani walikuwa wanatwanga, na kinu hakikusimama. Avelina aliacha kutafuna.

"Gauni gani, shoga?"

"La buluu. La bitana ya waridi. Umesema kweli, ni laini kama manyoya ya kifaranga. Mie nimeliona kwa nje tu, sikujaliwa kulivaa."

"Wewe unanifikiria nini? Mie mke wa mtu!"

"Na mie pia."

"Mie nasali, Mwanabaraka! Kila Jumapili!"

"Sikukuuliza kusali."

Avelina alicheka kicheko kidogo kilichokosa pa kwenda. Macho yalimlegea, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alisema kwa sauti isiyo na mzaha.

"Wewe hujui. Una mtu wa kukupima. Kila jioni anarudi, kila jioni taa yenu inawaka, nawasikia mnacheka huko. Mie nina mwavuli."

Mwanabaraka alitaka kumjibu. Alikuwa na maneno ya kutosha, ameyakusanya toka Gerezani. Lakini aliona kuwa maneno ndiyo Avelina anayoyaweza, na akiyaanza, mpaka alasiri watakuwa bado wanasema, na sanduku limekwisha vuka.

Maneno yanaweza kusema hivi na vile. Kulivaa gauni la watu kwa siri ni jambo moja. Mwanamke anaweza kuliona limetandikwa kwa jirani, mwenye nyumba yuko uani anaoga, akashindwa na tamaa, akalivaa dakika mbili, akalivua. Hilo Mwanabaraka angeweza kulimeza. Lakini uzi hauchukuliwi na mtu mwenyewe. Uzi unafungwa na fundi. Na ule mwekundu nchani hauanguki wenyewe.

Akautoa. Akaushika kwa ncha mbili, mafundo matatu yananing'inia kati yao.

"Shoga," alisema, na neno lile safari hii lilikuwa lake. "Simama."

Avelina hakusimama.

"Simama, uinue mikono, nikupime kiuno. Fundo likipita au likipungua, nitapiga magoti hapa, nitakuomba radhi mbele ya wote wanaotwanga huko nje. Nitakufulia mwezi mzima. Simama tu."

Avelina aliutazama uzi. Aliutazama ule mwekundu. Mikono yake miwili, pengine bila ya yeye kujua, ilikuja taratibu ikafunika kiuno chake, huku na huku, kama mtu aliyekutwa hana nguo.

Kinu cha uani kilisimama.

Nje, baiskeli iliingia uani. Miaka mitano Marijani akirudi kazini hupiga kengele mara moja tu, na Mwanabaraka hujua, huinuka, humpokea mfuko.

Leo, labda kwa kuona sanduku alilolikuta mlangoni asubuhi halipo tena, akadhani mkewe kavuka, kengele ilipiga mara mbili.

Na aliyeinuka alikuwa Avelina.

Aliinuka nusu, mguu mmoja umekwisha tafuta kiatu, kisha akagundua alilolifanya, akabaki hivyo, hakukaa na hakusimama. Mwanabaraka alikuwa mbele yake, uzi umenyooka mikononi.

"Basi vizuri, umesimama," alisema kwa upole. "Inua mikono, shoga."

Viatu vya Marijani vilikuwa vinakaribia ukumbini. Avelina hakuinua mikono.